Hasara ya bilioni 3, faida ya bilioni 30: Kenya Power kati ya Juni 2023 na Juni 2024

Mwaka wa fedha wa Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini Kenya, hufungwa tarehe 30 Juni. Mwaka 2023 vitabu vilifungwa kwa hasara ya shilingi bilioni 3.19 baada ya kodi. Miezi kumi na miwili baadaye vikafungwa kwa faida ya bilioni 30.08. Kampuni ni ile ile, nguzo ni zile zile, na transfoma ni zile zile ambazo mvua ya Aprili ikinyesha mtaa mzima hukaa gizani. Mkurugenzi mkuu, Joseph Siror, aliingia ofisini Mei 2023, kwa hiyo hasara ile aliikuta mezani. Uniti za umeme (kilowati-saa) zilizouzwa ziliongezeka kwa chini ya asilimia 3.

Basi bilioni 30 zilitoka wapi?

Ukiuliza ndani ya kampuni, utaambiwa usimamizi umeboreka. Ukiuliza kwenye foleni ya duka, utaambiwa ni tokeni, zile namba za umeme wa kulipia kabla, kwamba tunaibiwa. Kila jibu lina ukweli kidogo, ila hakuna linalofika kwenye kiini cha kisa. Nikizipanga hesabu zile naona kwamba faida ya 2024 iliandikwa kwa kalamu mbili, na Kenya Power haikushika hata moja. Kalamu ya kwanza ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliyopanga bei mpya kuanzia 1 Aprili 2023. Ya pili ni kiwango cha shilingi kwa dola. Kazi ambayo hasa ni ya Kenya Power, yaani kuutoa umeme ulikonunuliwa na kuufikisha kwenye mita ya mteja bila kuupoteza njiani, haikupiga hatua mwaka huo.

Mnunuzi mmoja, wauzaji wengi

Historia ya kampuni yenyewe huanzia pwani. Inasimulia kwamba mwaka 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipata jenereta ya kuwasha taa za kasri lake na barabara za jirani. Mwaka 1908 mtambo huo ukanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 ikaungana na ya Nairobi, na jina la Kenya likaja 1983. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani shirika hili ni idara ya serikali. Serikali ina asilimia 50.1 ya hisa, lakini zilizobaki ziko Soko la Hisa la Nairobi, mikononi mwa mifuko ya pensheni, mabenki na wastaafu wengi walionunua hisa chache wakitumaini gawio.

Uzalishaji ulitengwa 1997 na kukabidhiwa KenGen. Njia mpya za msongo mkubwa zikapewa KETRACO mwaka 2008. Kenya Power ikabaki na kununua, kusambaza na kudai. Inanunua kwa KenGen, kwa wazalishaji binafsi, na tangu Novemba 2022 inanunua megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia laini inayoingia Suswa.

Tatizo limekaa ndani ya mikataba hiyo. Mingi inataka mzalishaji alipwe kwa kuwa na mtambo ulio tayari, uwe umewashwa au umezimwa. Na malipo mengi yamepangwa kwa dola au yuro. Mfano ambao Wakenya hawajausahau ni wa shamba la upepo la Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit: mitambo 365, megawati 310. Mitambo ilisimama, upepo ukavuma, lakini laini ya kilomita 428 hadi Suswa haikuwa tayari hadi 2018. Upepo ambao haukuwasha hata balbu moja ulilipiwa mabilioni. Umasikini wa Kenya Power huanza kabla uniti ya kwanza haijauzwa.

Miaka ya stima rahisi

Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa kuwaunganishia stima walio karibu na transfoma. Ada ya kuunganishiwa, iliyokuwa shilingi 35,000, ikashushwa hadi 15,000. Wateja waliokuwa kama milioni 2.3 mwaka 2013 wakapita milioni 9 kufikia Juni 2023. Ni kazi kubwa na sitaibeza. Nchi chache za Afrika zimewahi kuunganisha watu kwa kasi hiyo. Lakini nyumba yenye balbu tatu na chaja ya simu hutumia uniti chache mno kwa mwezi. Waya, nguzo, mita na fundi wa kuja usiku kukiharibika vina gharama ile ile, mteja atumie uniti 8 au 800.

Julai 2018 bei mpya ziliondoa ada ya kila mwezi ya shilingi 150, ambayo mteja alilipa hata kama hakuwasha kitu. Miezi michache baadaye, baada ya kelele za wenye biashara ndogo, mdhibiti akapanua daraja la wanyonge: badala ya uniti 10 za kwanza, wote waliotumia hadi uniti 100 kwa mwezi wakawekwa kwenye bei ya shilingi 10 kwa uniti. Waliozidi hapo walilipa 15.80. Kisiasa uamuzi ule ulikuwa mtamu. Kihesabu, sehemu kubwa ya wateja wa majumbani ikawa inauziwa umeme kwa bei isiyolipa gharama yake.

Matokeo hayakuchelewa. Faida ya mwaka uliokwisha Juni 2019 ilikuwa shilingi milioni 262. Milioni, si bilioni. Mwaka uliofuata, corona ikiwa imefunga viwanda na hoteli, kampuni ikapata hasara ya bilioni 7 kabla ya kodi. Madeni ya kulipwa ndani ya mwaka yalizidi mali ya kuyalipia kwa zaidi ya bilioni 70, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akawa akiandika katika ripoti zake kwamba uwezo wa kampuni kuendelea una mashaka.

Badala ya bei kupanda, zikashuka. Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo chini ya John Ngumi kuchunguza mikataba ya kununua umeme. Jopo likapendekeza wastani wa bei ushuke kutoka shilingi 24 hadi 16 kwa uniti. Januari 2022 ikaja punguzo la asilimia 15. Awamu ya pili ya asilimia 15 ilikuwa itokane na kujadili upya mikataba na wazalishaji, lakini wazalishaji hawakukubali kirahisi, na awamu hiyo haikuja. Kwa maneno mengine, punguzo lilitolewa upande wa kuuzia kabla halijapatikana upande wa kununulia. Mwenye duka yeyote wa soko la Gikomba angekwambia hiyo inaishia wapi.

Bei za Aprili

Mwisho wa Desemba 2022 punguzo likaisha muda wake. EPRA ikapokea ombi la bei mpya, ikaita vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, na mwishoni mwa Machi 2023 ikatangaza bei zitakazodumu kutoka 1 Aprili 2023 hadi 30 Juni 2026.

Madaraja ya nyumbani yakawa matatu. Aliyetumia hadi uniti 30 kwa mwezi aliwekewa 12.22 kwa uniti. Kati ya 30 na 100, 16.30. Juu ya 100, 20.97. Hizo zilikuwa bei za msingi tu, za mwanzo wa Aprili 2023. Juu yake huja tozo ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, asilimia 5 ya stima vijijini, VAT ya asilimia 16 na vijitozo vingine vya mamlaka mbalimbali.

Mteja aliyeumia zaidi si wa chini kabisa wala si tajiri wa mtaa wa Runda. Ni yule wa katikati: mwalimu mwenye friji ndogo, kinyozi wa nyumbani, familia ya mtaa wa Pipeline yenye televisheni na pasi. Alikuwa analipa shilingi 10 kwa uniti kwenye jedwali la 2018. Akajikuta kwenye 16.30, ongezeko la asilimia 63 kwa siku moja.

Kuna kasoro nyingine hapa ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Madaraja haya hayafanyi kazi kama ngazi za kodi ya mapato, ambapo bei ya juu hugusa kile kilichozidi tu. Mteja huwekwa daraja moja kufuatana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu, kisha uniti zake zote zinatozwa bei ya daraja hilo. Fanya hesabu kwa bei hizo za Aprili 2023. Uniti 30 kwa 12.22 ni shilingi 366.60. Uniti 31 kwa 16.30 ni shilingi 505.30. Uniti moja ya ziada, ukiwa na wastani huo, inakugharimu shilingi 138.70 kabla ya kodi na tozo. Pale kwenye mia moja shimo ni kubwa zaidi: uniti 100 ni shilingi 1,630, uniti 101 ni 2,117.97.

Ndiyo maana mtu hununua tokeni ya shilingi 500 mwezi huu, mwezi ujao anaweka 500 nyingine, na uniti zinazokuja si sawa. Ujumbe unaingia kwenye simu: namba ya mita, tarakimu 20 za tokeni, idadi ya uniti, pesa uliyolipa, kiasi kilichonunua umeme na kiasi kilichoenda kwenye makato mengine. Hakuna mahali panapomwambia kwamba amehamishwa daraja. Anaona tu uniti zimepungua, na anahitimisha kwamba ameibiwa. Mimi nisingemlaumu. Jedwali la bei ni halali na lilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, lakini mtu hasomi gazeti rasmi la serikali akiwa gizani saa tatu usiku.

Hata hivyo, EPRA ilikuwa na haki ya kupandisha. Kumwachia mtu wa uniti 95 bei ya mnyonge lilikuwa kosa la 2018, na lilirekebishwa kwa kuchelewa. Ninalolipinga ni lile shimo la daraja, ambalo lingezibwa kwa kutoza bei ya juu kwa uniti zilizozidi peke yake.

Kwa vitabu vya kampuni, jambo la kuzingatia ni tarehe. Mwaka uliokwisha Juni 2023 ulionja bei mpya kwa miezi mitatu tu. Mwaka uliokwisha Juni 2024 ulizipata kwa miezi yote kumi na miwili. Mapato ya kuuza umeme yakaruka kutoka bilioni 190.98 hadi bilioni 231.12, yaani asilimia 21. Gawanya mapato kwa uniti utaona kilichotokea: mwaka wa kwanza kampuni iliingiza wastani wa shilingi 18.66 kwa kila uniti iliyouza, mwaka wa pili 21.98. Kati ya bilioni 40 za ongezeko, kama 35 zimetokana na bei na 5 tu na umeme zaidi. Ndani ya bei hiyo zimo pia tozo za mafuta na za fedha za kigeni, ambazo Kenya Power hukusanya na kuzipitisha kwa wazalishaji. Lakini gharama ya kununua umeme haikupanda kwa kasi hiyo. Iliongezeka kwa kama bilioni 7, ikafika karibu bilioni 150. Tofauti ikabaki nyumbani.

Dola

Kalamu ya pili ndiyo iliyogeuza faida nzuri kuwa faida ya kushangaza.

Kenya Power ina mikopo mikubwa ya fedha za kigeni, mingine iliyokopwa na serikali kutoka kwa wafadhili kisha ikakopeshwa kampuni. Kila mwisho wa mwaka wahasibu hulazimika kuandika deni hilo kwa shilingi za siku hiyo. Mwisho wa Juni 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 117.8. Mwisho wa Juni 2023 ilikuwa 140.5. Kwa kila dola milioni moja ya deni, kampuni ililala ikidaiwa shilingi milioni 117.8 na kuamka ikidaiwa 140.5, bila kukopa hata senti. Ongezeko la namna hii lilifika karibu bilioni 17, na likaingia moja kwa moja kwenye gharama za fedha, ambazo mwaka huo zilipanda hadi bilioni 24.15. Hasara ya kabla ya kodi ya 2023 ilikuwa bilioni 4.43. Toa ile ya dola, na mwaka ule wa "hasara" unakuwa mwaka wa faida ya zaidi ya bilioni 12.

Sasa geuza. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Februari serikali ikauza bondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile iliyokuwa inaiva Juni. Hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikayeyuka, na kabla ya mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka chini ya 135. Tarehe 30 Juni 2024 ilisimama kama 129.5. Deni lile lile la Kenya Power likapungua kwenye karatasi, na badala ya hasara ya karibu bilioni 17 ikaandikwa faida ya karibu bilioni 8.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko katikati ya mwaka. Julai hadi Desemba 2023, miezi sita yote ikiwa chini ya bei mpya, kampuni ilitangaza faida ya shilingi milioni 319. Desemba hiyo dola ilikuwa kama 156.5. Miezi sita iliyofuata, bei zikiwa zile zile, ikaingia karibu bilioni 29.8. Hakuna usimamizi duniani unaoboreka namna hiyo kati ya sikukuu ya Krismasi na mwezi wa Juni. Kilichobadilika ni shilingi.

Ukiziunganisha kalamu mbili, hesabu inakaa hivi kwa makadirio. Kutoka hasara ya bilioni 4.43 hadi faida ya bilioni 43.67, zote kabla ya kodi, ni safari ya bilioni 48. Mgeuko wa dola peke yake ni kama 25. Pato lililobaki baada ya kulipia umeme lilikua kwa kama 33. Gharama za uendeshaji zikala kama 10 za hizo. Ziada ya bei na mgeuko wa shilingi vinatosha kuieleza safari nzima, na hapabaki mahali pa kuandika jina la meneja.

Kuna hila moja ya mfumo ambayo mteja anastahili kuielewa. Shilingi ikidondoka, dola zinazolipwa kwa wazalishaji na kwa wakopeshaji zinapandisha ile tozo ya fedha za kigeni kwenye bili, kwa hiyo mteja huanza kulipia mwezi kwa mwezi. Mapema 2024 kila aliyenunua tokeni aliiona, na shilingi ilipopata nguvu tozo ikashuka. Lakini yale mabilioni ya kukadiria deni upya hayapiti kwenye bili. Ni ya vitabu tu hadi siku ya kulipa. Kwa hiyo anayesema faida yote ya bilioni 30 ilichotwa mfukoni mwa mnunuzi wa tokeni anakosea, na anayesema yote ni fedha taslimu iliyo benki anakosea vilevile.

Bodi yenyewe ilijua. Gawio lililotangazwa lilikuwa senti 70 kwa hisa, la kwanza kwa wenye hisa za kawaida tangu 2017. Kwa hisa bilioni 1.95 hiyo ni kama shilingi bilioni 1.37, chini ya asilimia 5 ya faida. Kampuni yenye bilioni 30 za kweli mkononi haigawi kidogo hivyo. Sokoni, hisa iliyokuwa chini ya shilingi 2 mwanzoni mwa 2024 ilimaliza mwaka ikiwa imepita shilingi 4.

Umeme unaopotea

Tuje kwenye kazi ya Kenya Power yenyewe.

Mwaka uliokwisha Juni 2024 kampuni ilinunua kama gigawati-saa 13,684 na kuuza 10,516. Asilimia 23.16 haikuonekana kwenye mita ya mtu. Mwaka wa hasara kiwango kilikuwa karibu hapo hapo, kama asilimia 23. Sehemu ya upotevu huu ni fizikia: umeme ukisafiri mbali kwenye waya chakavu hugeuka joto, na transfoma iliyobebeshwa mizigo kupita kiasi hupoteza zaidi. Sehemu nyingine ni binadamu. Kuna mita zilizorukwa, kuna vijiji vya mabanda vinavyouziwa stima kwa malipo ya kila mwezi na wenye waya wao, kuna viwanda vyenye mita zilizochezewa, na kuna wafanyakazi wanaojua vyote hivyo.

Hapa ndipo mdhibiti anaposhika fimbo yake ya pekee yenye maana. EPRA haimlipishi mteja upotevu wote. Kwa mwaka ule iliruhusu asilimia 18.5 iingizwe kwenye bei, na kilichozidi kampuni ikibebe yenyewe. Ziada ilikuwa asilimia 4.66 ya umeme wote ulionunuliwa, yaani kama uniti milioni 640. Kwa wastani wa bei ya kununulia, shilingi 11 kwa uniti, ni kama bilioni 7 zilizochomwa.

Bilioni 7 katika mwaka wa hasara ya bilioni 4 ni suala la kufa na kupona. Katika mwaka wa faida ya bilioni 43 kabla ya kodi, hakuna anayekosa usingizi. Na hilo ndilo linalonisumbua kuhusu bei za 2023. Mdhibiti alipopandisha bei ya msingi kiasi cha kuifanya kampuni ipumue hata ikivuja, fimbo yake ilipoteza uzito. Ingewezekana kuwekwa sharti kali zaidi: ongezeko la bei lije kwa awamu, na kila awamu ifunguke baada ya upotevu kushuka. EPRA haikufanya hivyo. Iliweka malengo ya upotevu yanayoshuka mwaka hadi mwaka, ila bei ikaja yote siku ya kwanza.

Mteja naye aliona giza. Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima ilizimika, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki bila taa hadi waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani. Desemba ikatokea tena. Sehemu kubwa ya matukio hayo hugusa uzalishaji na njia za msongo mkubwa ambazo si za Kenya Power peke yake. Lakini ukishamwongezea mtu asilimia 63, hutampata wa kumweleza tofauti ya KETRACO na Kenya Power.

Kuna na wadaiwa sugu, ambao wengine wana bendera kwenye magari. Februari 2025 Kenya Power iliikatia stima serikali ya kaunti ya Nairobi kwa deni la zaidi ya bilioni 3. Kaunti ikajibu kwamba nayo inaidai kampuni mabilioni ya ada ya kupitisha nyaya kwenye ardhi yake, kisha malori ya taka yakamwaga mzigo nje ya makao ya kampuni. Picha zilizunguka siku nzima. Mteja wa tokeni hana fursa hiyo. Yeye analipa kwanza.

Mwaka uliofuata

Matokeo ya Juni 2025 yanasaidia kupima yote niliyosema. Shilingi ilitulia mwaka mzima pale pale kwenye 129, kwa hiyo kalamu ya dola haikuandika kitu kikubwa. Faida baada ya kodi ilikuwa bilioni 24.47. Mapato yalishuka hadi bilioni 219.29 ingawa umeme uliouzwa uliongezeka, kwa sababu tozo za mafuta na za fedha za kigeni zilipungua kwenye bili. Gawio likawa shilingi 1 kwa hisa. Faida ya bilioni 24 bila msaada wa dola ndiyo inayoonyesha uzito halisi wa bei za Aprili 2023.

Na upotevu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ulishuka vya kuonekana: asilimia 21.21. Hilo ni la Kenya Power, na hapo Siror na watu wake wanastahili sifa bila masharti. Karibu asilimia mbili za umeme wote ulionunuliwa ziliokolewa ndani ya mwaka mmoja. Bado kiwango kilikuwa juu ya kile ambacho mdhibiti alikiruhusu, na lengo la EPRA lilipangwa kushuka kila mwaka hadi tarehe ya mwisho iliyowekewa bei hizi, 30 Juni 2026. Ombi la bei za miaka mitatu inayofuata huandikwa na kampuni yenyewe, likiwa na makadirio yake ya mauzo, ya gharama na ya umeme itakaoupoteza.